Mapambo ya Krismasi ya viraka kwa nyumba ya kale: mwongozo kamili kwa chama cha washonaji

Nyumba ya kihistoria inapofunguliwa kwa wageni mwezi Desemba, msimamizi wake huwa na hofu kubwa na majani mabichi. Msonobari uliokatwa jana huingia ndani na utomvu, unyevunyevu na wadudu, halafu hupukutisha majani yake juu ya zulia lililofumwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Mishumaa ndiyo usiseme. Kwa hiyo washona viraka wakibisha hodi na makoja ya kitambaa, soksi na maua ya pamba, hupokelewa kwa mikono miwili. Kitambaa hakinyauki, hakitoi utomvu, na mwakani kinatundikwa tena.

Ila kitambaa nacho kinaweza kuidhuru nyumba. Rangi hutoka, pini huchubua mbao, nondo hujificha ndani ya sufu. Kazi ya chama ni kushona kitu kizuri ambacho nyumba haitaumia kwa kukibeba, na kila hatua hapa chini inafuata hilo.

Nawaandikia hasa ndugu zetu walioko Marekani na Ulaya ambao wameingia katika vyama vya kushona mifarishi ya viraka, au wanatafuta mahali pa kupeleka ufundi wao. Nitatumia mfano wa nyumba ya mfanyabiashara wa baharini katika mji wa Salem, Massachusetts, kwa kuwa historia ya mji ule inatugusa. Meli za Salem zilileta Unguja kitambaa cha pamba kisichopaushwa, merikani, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na konsuli wa kwanza wa Marekani pale Unguja, Richard Waters aliyefika mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem. Kipande cha merikani kikitundikwa katika sebule kama hiyo, kina haki zote za kuwa pale.

Hatua ya kwanza: uliza mwaka, rangi baadaye

Nyumba kongwe imekaliwa na vizazi kadhaa, na kila chumba huwa kimepangwa kuonyesha kipindi fulani. Kabla hamjanunua hata uzi, muulizeni msimamizi: chumba hiki ni cha mwaka gani? Jibu lake litawaokoa.

Angalia Massachusetts. Mwaka 1659 baraza la koloni lile lilipiga marufuku kusherehekea Krismasi, na faini ilikuwa shilingi 5. Sheria ilifutwa mwaka 1681, lakini mazoea hayakufutika, na jimbo liliitambua Krismasi kama sikukuu rasmi mwaka 1856 tu. Kwa hiyo chumba kinachoonyesha familia ya Kipuritani (Waprotestanti wenye msimamo mkali walioipinga Krismasi) ya miaka ya 1690, kikivishwa makoja mekundu, kinawadanganya wageni. Kiacheni kama kilivyo, wekeni kibao cha maelezo, na nguvu zenu zipelekeni chumba kinachofuata.

Mti wa Krismasi nao una tarehe zake. Mwaka 1848 gazeti la Illustrated London News lilichapa picha ya Malkia Victoria, mumewe Albert na watoto wao wakiwa wamezunguka mti uliopambwa. Mwaka 1850 jarida la Godey's Lady's Book la Philadelphia lilichapa picha ileile baada ya kumvua malkia taji lake na kumnyoa Albert masharubu, ili ionekane familia ya kawaida ya Kimarekani. Tangu hapo mti ulienea majumbani. Viraka holela vya mahameli na hariri vilivyodariziwa, ambavyo wengi huvifikiria mara wakisikia "zama za Victoria", vilishika kasi baada ya maonyesho makubwa ya Philadelphia ya mwaka 1876 na vikawa gumzo miaka ya 1880. Ukivitundika katika chumba cha mwaka 1855, mgeni anayejua atatabasamu, na hatakuwa anawasifia.

Kwa mfano wetu, basi: sebule ya mwaka 1860 ipate merikani, pamba nyekundu, kijani iliyokolea na viraka vya pembesita. Chumba cha juu kilichopangwa kama miaka ya 1880 kipate soksi za mahameli na tarizi. Ngazi inayounganisha viwili hivyo ipate koja.

Najua swali linalofuata: je, kitenge? Kwa chumba cha 1860, hapana. Biashara ya vitambaa vile vya nta kuja Afrika ilikuwa bado haijashamiri. Leso ni habari nyingine. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua vitambaa vya mkononi vilivyochapwa, vikiwa havijakatwa, wakaviunga pamoja kupata nguo moja pana ya kujifunga. Huko nako ni kushona viraka. Nyumba ikiwa na kumbukumbu za biashara ya Unguja, mwombeni msimamizi nafasi ya leso ya kuunga katika chumba cha kazi cha mwenye meli, juu ya kiti cha maonyesho. Akikubali, shoneni kwa mkono na muandike maelezo. Akikataa, msilazimishe.

Hatua ya pili: makubaliano kwa maandishi

Nendeni watu wawili au watatu mwezi Februari au Machi, mkiwa na futi, kamera na daftari. Pimeni urefu wa mkono wa ngazi, upana wa rafu iliyo juu ya meko, kimo cha dari mti unapokaa, na umbali kutoka mti hadi ukutani. Ulizeni nini cha nyumba ni cha asili na nini kilitengenezwa upya, kwa sababu mkono wa ngazi wa mwaka 1804 na ule uliobadilishwa mwaka 1970 havibebi masharti sawa.

Kisha pateni majibu haya kwa maandishi: vyumba vipi vinaruhusiwa, nani ana ruhusa ya kugusa samani, tarehe ya kupamba na ya kutoa, masharti ya idara ya zimamoto kuhusu vitambaa, mapambo yatakuwa mali ya nani baada ya msimu. Hilo la mwisho watu hulionea haya, na ndilo huleta ugomvi. Mama aliyekesha akidarizi soksi ana haki ya kujua kama itarudi kwake, itabaki kabatini mwa makumbusho, au itauzwa kuchangia paa.

Hatua ya tatu: kitambaa, uzi na vya kujazia

Nunueni pamba tupu. Merikani nyepesi ndiyo msingi wa kila kitu: inakaa chini ya viraka, inakuwa bitana, inakuwa mikanda ya kufungia. Nyekundu ndiyo rangi ya kuogopwa. Karne ya 19 washonaji walilipa zaidi kupata nyekundu ya Kituruki kwa sababu haikutoka ikifuliwa. Nyekundu za dukani leo nyingi hutoka, hasa mara ya kwanza.

Fueni kila kitambaa kabla ya kukata, kwa sabuni isiyo na manukato, bila dawa ya kulainisha nguo. Baada ya hapo pimeni hivi: lowesha kipande cha nguo nyeupe, kiweke juu ya kitambaa chekundu, pitisha pasi ya moto hadi kikauke. Kikipata hata uwaridi hafifu, kitambaa hicho kirudi kwenye beseni. Kikiendelea kutoa rangi baada ya kufuliwa mara tatu, hakiingii ndani ya nyumba ile hata kama ni kizuri namna gani.

Hariri za kale zinazouzwa mitumbani ziacheni. Viwanda vya mwishoni mwa karne ya 19 vilizipa hariri uzito kwa chumvi za madini, na chumvi hizo ndizo zinazozikatakata leo zenyewe zikiwa zimekaa. Mahameli ya pamba mpya inatosha.

Ndani ya mapambo jazeni pamba ya polyesta iliyo safi. Msijaze mchele, maharage, pumba, vumbi la mbao wala maua makavu, ingawa watu wa kale walivitumia. Hicho ni chakula cha wadudu. Gundi ya moto na vumbi la kumetameta visiguse kazi hii. Vumbi lile likidondoka katika nyufa za sakafu ya mbao halitoki tena.

Hatua ya nne: ua la pembesita

Hili ndilo pambo ninalolipenda kuliko yote, na linaufaa mti wa 1860 vizuri, kwa kuwa Godey's ilichapa maelezo ya viraka vya pembesita tangu mwaka 1835. Linashonwa kwa mkono, mtu anaweza kulibeba kwenye basi, na anayeanza hulijua kwa jioni moja.

Kata vigezo vya karatasi ngumu, pembesita yenye kila upande sentimita 2. Kila ua lina pembesita 7 mbele na 7 nyuma, hivyo unahitaji vigezo 14. Usikate kwa jicho. Tofauti ya milimita moja kwa kila upande, ukiizungusha duara zima, hukuachia ua linalofura katikati kama bakuli.

Kata vitambaa vya mraba wa sentimita 5.5. Weka kigezo katikati ya upande wa nyuma wa kitambaa, punguza pembe zilizozidi ukibakiza karibu milimita 7 pande zote, kisha kunja ukingo juu ya karatasi upande mmoja baada ya mwingine, ukipiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda. Kwenye kila kona shika mkunjo kwa mshono mmoja wa kurudia. Ukishika kona vizuri unaweza kushona kitambaa chenyewe bila kutoboa karatasi, na baadaye karatasi inatoka bila kuvutana nayo.

Kuunga: chukua pembesita mbili, zikabilishe uso kwa uso, ulinganishe kona kwa kona. Tumia sindano nyembamba na uzi wa pamba usiozidi urefu wa mkono wako kutoka vidole hadi kiwiko. Uzi mrefu hujisokota na kuchakaa. Anza milimita 3 ndani ya kona, rudi hadi kona, ndipo uende mbele, ili mwanzo usifumuke. Sindano ichukue nyuzi mbili tatu tu za kitambaa kutoka kila upande, mshono ukikaribiana kiasi cha mishono 6 au 7 kwa sentimita. Ukihisi sindano inakwaruza karatasi, umeingia ndani sana na uzi utaonekana mbele. Kastabini ivaliwe kidole cha kati. Wanaoikataa mwanzoni huitafuta wenyewe baada ya ua la tatu.

Unga pembesita sita kuzunguka ile ya katikati: kwanza upande unaogusa katikati, halafu pande zinazogusana zenyewe. Unapoikunja kazi ili kufikia upande mgumu, ikunje pamoja na karatasi, haitaharibika. Maliza maua mawili, yapige pasi karatasi zikiwa bado ndani ili kingo zikumbuke mkunjo, kisha toa bandi na karatasi zote.

Weka maua mgongo kwa mgongo na ushone ukingo kwa mshono uleule. Ua lina pande 18 za nje. Shona 15, jaza pamba kidogo kidogo kwa ncha ya penseli, kisha funga 3 zilizobaki. Lisijae hadi likawa mpira, maana uzuri wake ni kule kuonekana kwa pembe. Kitanzi kiwe cha utepe wa pamba wa sentimita 15, kilichoshonewa ndani ya mshono wa juu kabla ya kufunga. Utapata ua la sentimita 10 na ushei.

Hatua ya tano: soksi ya viraka holela

Chora patani ya soksi yenye kimo cha sentimita 40 na uongeze sentimita 1 ya mshono. Kata merikani moja ya msingi wa mbele, mahameli moja ya nyuma, na bitana mbili. Kumbuka kugeuza patani unapokata nyuma na bitana ya pili, la sivyo utapata vidole viwili vinavyotazama upande mmoja.

Kiraka cha kwanza kiwe na pembe tano na kikae karibu na katikati ya msingi. Weka cha pili juu yake uso kwa uso, ukingo kwa ukingo, shona kwa cherehani, kifunue, bonyeza kwa mkono au kwa pasi isiyo kali juu ya kitambaa kikavu, kwani mahameli ikipigwa pasi usoni hulala manyoya. Endelea kuzunguka, ukibadilisha upana wa viraka, hadi merikani isionekane. Usipange sana. Viraka holela hupendeza vikiwa na kimoja kikubwa cheusi au cha zambarau kinachotuliza macho kati ya vile vyenye makeke.

Kisha tarizi, na hapa ndipo muda unapokwenda. Kila mshono ufunikwe. Kwa anayeanza nampa mshono wa mifupa ya samaki: toa sindano upande wa chini wa mshono, nenda juu kulia kwa mshazari, choma sindano kutoka kulia kwenda kushoto ukichukua kipande kidogo cha kitambaa, vuta, shuka chini kulia, choma tena kulia kwenda kushoto, vuta. Nyuzi zitakatizana zenyewe. Umbali ukiwa sawa, mshono wa kawaida kabisa hung'ara. Tumia uzi mnene wa pamba wa manjano ya dhahabu. Rangi hiyo moja huzishika rangi nyingine zote pamoja.

Mwisho, shona mbele na nyuma uso kwa uso ukiacha mdomo wazi, piga mikato midogo kwenye mapindo ya kisigino, geuza. Shona bitana vivyo hivyo lakini usiigeuze, na uache nafasi ya sentimita 10 ubavuni. Ingiza soksi ndani ya bitana uso kwa uso, weka kitanzi katikati yake kwenye mshono wa nyuma, shona mdomo mzima, vuta yote kupitia ile nafasi ya ubavuni, kisha ifunge kwa mshono wa kuficha.

Hatua ya sita: koja la ngazi

Kata viduara vya kipenyo cha sentimita 11.5. Kunja ukingo milimita 6, pitisha mshono mrefu wa milimita 7 kuzunguka, vuta uzi hadi mdomo ufunge, kaza fundo. Utapata kiduara cha sentimita 5 chenye mikunjo. Mishono mirefu hufunga mdomo vizuri zaidi kuliko mifupi, ingawa mtu angetarajia kinyume chake.

Mkono wa ngazi wa mita 6 unahitaji koja la mita 8 hivi ili lining'inie kwa mapindo, yaani viduara 160. Viungeni kwa mishono minne kila penye kukutana, halafu shoneni utepe wa pamba nyuma yake mwanzo hadi mwisho. Utepe ndio unaobeba uzito; bila huo, koja hukatika.

Hatua ya saba: kugawana kazi

Kila chama kina mwenye jicho la rangi, mwenye cherehani ya haraka, na bibi ambaye vidole vyake haviwezi tena sindano lakini anakata vigezo kuliko mashine. Mpeni kila mmoja lake. Mtu mmoja awe na daftari la vitambaa, akiandika kipi kimefuliwa na kipi kimepimwa rangi. Pangeni kumaliza kushona mwishoni mwa Septemba. Oktoba ni ya kukagua mishono, na wa kukagua awe mpole, lakini asiogope kurudisha kazi.

Hatua ya nane: jokofu

Chochote chenye sufu, au kilichokaa majumbani kwa watu, kigandishwe kabla ya kuingia. Nondo wa nguo na vijidudu vya mazulia huingia kama mayai yasiyoonekana. Tia mapambo makavu ndani ya mfuko wa plastiki, kamua hewa, ziba kabisa. Jokofu la kugandisha la nyumbani lenye nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri lichukue wiki mbili kamili. Makumbusho yenye jokofu la nyuzi 30 chini ya sifuri huhitaji siku tatu. Ukitoa, usifungue mfuko kwa saa 24, ili umande ukae nje ya plastiki na usilowanishe kitambaa.

Hatua ya tisa: siku ya kupamba

Vueni pete, bangili na vitambulisho vya shingoni. Chai na vitafunwa vibaki nje. Hakuna msumari, pini wala gundi ya karatasi kwenye mbao za kale. Koja la ngazi lifungwe kwa mikanda ya merikani yenye upana wa sentimita 4, juu ya kipande cha felti isiyotiwa rangi, mahali msimamizi alipoonyesha. Juu ya meko tandazeni plastiki angavu ya polyesta kwanza, halafu mapambo. Soksi zining'inie kutoka kwenye ubao uliokaa juu ya rafu, ukishikiliwa na vimfuko vizito vya kokoto za kioo; msizifunge kwenye mawe yenyewe. Mti uwe wa bandia, na usimame mbali na picha na mapazia. Taa zikiruhusiwa ziwe za LED, na zizimwe wageni wakiondoka.

Pigeni picha kila kona kabla ya kupamba, na tena baada ya kumaliza.

Januari

Toeni kwa utaratibu uleule, mkilinganisha na zile picha za kwanza. Kung'uteni kila pambo nje, tafuteni matundu madogo na vumbi kama mchanga, dalili za wadudu. Makoja yaviringisheni kwenye bomba la kadibodi lililofunikwa merikani, yasikunjwe. Soksi zilale bapa katika sanduku lenye karatasi laini isiyo na asidi, mahameli ikitazama juu. Shoneni lebo ya utepe kwenye kila kimoja: mwaka, chumba, jina la chama, na jina la aliyekishona kama ameridhia. Washonaji wengi wa karne ya 19 hatuwajui kwa majina kwa sababu hakuna aliyeandika. Wino uwe wa kudumu, na uujaribu kwenye kipande cha merikani ukakifue kabla ya kuandika.